Namna ya Kuwa Mtu wa Watu Bila Kujichosha

Najua umechoka. Tangu utotoni unaambiwa uwe na maadili, uwe na msimamo, ujue unachokiamini. Nani ana muda huo? Una kazi, una foleni ya asubuhi, una mkopo wa benki na mwingine wa kikundi. Basi sikiliza habari njema: maadili hayapikwi nyumbani kwako. Yanaletwa yameshapikwa, kama chakula cha shughuli. Kazi yako ni kushika sahani na kusogea na mstari.

Nimeifanya kazi hii miaka hamsini sasa na sijafukuzwa popote. Sijawahi kugombana na mwenyekiti wa mtaa, na mkwe, wala na serikali yoyote iliyokuwa madarakani. Ninayokupa hapa ni siri za ufundi, na nakupa bure kwa sababu nimekupenda. Fuata hatua moja baada ya nyingine.

Hatua ya 1: Chagua majirani, maadili watakuletea wao

Usianze kwa kujiuliza, "Hivi mimi naamini nini?" Swali hilo linaharibu usingizi. Jiulize unapanga nyumba wapi. Ukihamia mtaa ambao kila ukuta una vipande vya chupa juu yake, mwaka hautaisha kabla hujaamini kwamba binadamu ni wezi. Ukihamia uswahilini, ambako mlango wa mbele ni pazia na jirani anaingia kuomba chumvi huku akisema hodi akiwa tayari jikoni, utaamini kwamba anayefunga mlango mchana ana jambo anaficha. Wewe ni yuleyule. Kilichohama ni kitanda na kabati.

Wahenga waliumaliza mwongozo huu kwa sentensi moja: ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Wapo wanaoona huo ni ushauri kwa mgeni wa siku mbili tatu. Mimi nimeufanya mpango wa maisha. Fumba. Usiulize wenzako macho yao yalipotelea wapi. Jicho moja linatosha kabisa kuiona njia ya kazini na sinia la pilau.

Hatua ya 2: Jua watu wanaitwaje mwaka huu

Mtazame mtoto wa miaka mitatu mgeni akiingia. Mama yake anamsukuma begani: "Salimia!" Mtoto anasema shikamoo huku macho yakiwa kwenye mfuko wa mgeni, kama una peremende. Hajui umri ni nini wala heshima ni nini. Anachokijua ni ule mkono begani. Miaka inapita, mkono unaondoka, msukumo unabaki, naye anaanza kuuita tabia yake njema. Hivyo ndivyo sote tulivyotengenezwa, kwa hiyo usijisikie vibaya.

Basi salamu ndiyo dira yako. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, neno lililokuwa na nguvu lilikuwa "ndugu". Waziri ndugu, mpiga chapa ndugu, mfagiaji ndugu. Aliyekunja uso kwa kuitwa ndugu alishukiwa kuwa na ubwana moyoni. Leo hebu mwite mbunge "ndugu" mbele ya wapambe wake, uone watakavyokugeukia kama umemkanyaga. Yeye ni mheshimiwa. Barabarani nako kuna kamusi yake: muuza maji ya chupa atakuita bosi, mlinzi wa maegesho atakuita kiongozi, na konda atakuita anko mpaka utakapodai chenji.

Kanuni ni moja tu: usiwe mtu wa kwanza kutumia neno jipya, na usiwe wa mwisho kuliacha la zamani. Wa kwanza huitwa mshamba wa mjini, wa mwisho huitwa mzee wetu, na wote wawili hawapandishwi cheo.

Hatua ya 3: Badili jina la kitu, kitu chenyewe usikiguse

Mwaka 1983 nilikuwa na miaka tisa, nikilala juu ya sabuni.

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mwaka ule Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na bidhaa zilikuwa adimu kiasi kwamba kipande cha sabuni kilikuwa zawadi ya kupelekea wakwe. Mchana baba alivaa suti yake ya Kaunda ya kaki, akasimama chini ya mwembe na kutusomea majina yao: kupe, wanyonyaji, walanguzi, maadui wa taifa. Mishipa ya shingo ilimtoka. Usiku alipiga magoti chini ya kitanda changu na kuvuta katoni moja kati ya mbili za sabuni za mche zilizofunikwa kwa gunia.

Tatizo la sabuni ni kwamba inajitangaza. Mama akaweka kapu la dagaa pembeni ili kuua harufu. Harufu haikufa. Zilioana tu, nami nikawa naenda shule nikinuka kama dagaa aliyetoka kuoga.

Nyumba zilikuwa kumi. Ukitoa yetu, zinabaki tisa. Nane zilikuja usiku kwa mlango wa uani, moja moja, na kila aliyenunua kipande alimwomba baba wengine wasijue. Mtaa mzima ulikuwa msafi, na hakuna aliyemuuliza mwenzake unafulia nini. Ya tisa ilikuwa ya Mama Mpapai. Tulimwita hivyo kwa sababu ya mpapai wa uani kwake, ambao majani yake aliyaponda na kufulia, kama walivyofanya wengi siku zile. Yeye alikuja saa sita mchana, kwa mlango wa mbele, hela mkononi.

"Balozi, naomba kipande cha sabuni."

"Sabuni hakuna, dada yangu. Wahujumu wametumaliza."

Mama Mpapai akanitazama mimi, nimekaa barazani na daftari langu.

"Kama hakuna, mbona mtoto ananukia?"

Mwanamke huyu tutakutana naye tena. Kwa sasa jifunze kwa baba. Mwaka 1984 serikali ililegeza kamba, wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuleta bidhaa bila kuulizwa sana. Mwaka 1985 akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye wananchi walimbatiza Mzee Ruksa. Katoni zikatoka chini ya kitanda changu, zikapanda juu ya meza barazani. Baba aliziita "mradi". Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikaa Zanzibar ikalegeza ile miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha, iliyokuwa ikimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa kwenye makampuni au nyumba ya kupangisha. Baba, ambaye hakuwahi kumiliki hata hisa moja, alishangilia kana kwamba alikuwa na maghorofa matatu yaliyokuwa yakisubiri ruhusa. Nilipoanza kazi mimi, neno lilikuwa limekuwa "ujasiriamali", na kulikuwa na semina yake, chai yake na cheti chake.

Sabuni ni ileile. Aliyekuwa kupe akawa mfanyabiashara, mfanyabiashara akawa mwekezaji, na mwekezaji sasa ni mlipakodi mkubwa, anakaribishwa kukata utepe.

Wanafunzi wengi wanafeli hapa kwa sababu wanadhani baba alikuwa mnafiki. Hapana. Mchana alipowalaani wahujumu aliwalaani kwa moyo wake wote. Usiku alipouza sabuni alikuwa anawahudumia wananchi, pia kwa moyo wake wote. Mnafiki anajua anadanganya, na kujua kunachosha. Wewe lenga kiwango cha baba: amini kila kitu, ila kwa saa zake.

Hatua ya 4: Vaa msimu, gundisha albamu

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze Januari 1, 1969. Vimini, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua vilipigwa marufuku kwa jina la utamaduni wa taifa. Vijana walizagaa mitaani Dar es Salaam wakipima magoti ya dada zao kwa macho.

Shangazi yangu alikuwa na miaka kumi na tisa. Leo ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, na kila mjukuu anayepita sebuleni kwake akiwa na gauni fupi hupewa hotuba: "Sisi enzi zetu tulivaa kwa heshima." Hotuba ni nzuri, inatia machozi. Siku moja nikifungua albamu yake niligundua kurasa mbili zimegandana. Nilipoziweka kwenye mwanga wa dirisha niliona kwa nyuma miguu mirefu, gauni fupi, na nywele ambazo Mungu hakumpa. Nikamuuliza.

"Iliingia maji," akasema, akainyakua albamu.

Huyo ndiye mwalimu. Kila kizazi huamini kwamba staha iliondoka nchini mwaka ule kizazi chenyewe kilipoanza kuumwa magoti. Ukifika umri huo, lia na wenzako. Ila gundisha kurasa mapema. Na wewe wa zama za simu, pitia picha zako leo kabla hujaombwa kuwa mlezi wa vijana kanisani.

Hatua ya 5: Kaa kwenye kamati, nyoosha mkono

Hapa ndipo chuo kikuu kilipo. Yaliyotangulia yalikuwa shule ya msingi.

Tafuta kamati ya harusi. Haitakuwia vigumu, itakutafuta yenyewe. Utaamka asubuhi ukute umeingizwa kwenye kundi la WhatsApp na umepewa ukatibu msaidizi. Mimi ya mwisho niliyokaa ilikuwa ya mjukuu wa Mama Mpapai, ambaye sasa sote tulimwita Bibi Mpapai. Tulikutana kila Jumanne kwenye uwanja wa baa moja Sinza, viti vya plastiki, kikao saa kumi na mbili jioni, maana yake saa mbili usiku. Tulikuwa kumi na wawili.

Mweka hazina alisoma bajeti kwa mwanga wa simu. Ukumbi. Chakula cha watu mia nne. Mapambo, rangi ya dhahabu na zambarau. Keki ya ghorofa saba. Matarumbeta kwenye pikapu. Kamera ya kawaida, na kamera ya kuruka. Sare za kamati, kwa sababu kamati bila sare itajulikanaje? Jumla, milioni arobaini na mbili. Mchango wa singo laki moja, dabo laki moja na nusu.

Kimya. Unasikia nyama inavyochomwa upande wa pili.

"Wenye maoni?" mwenyekiti akauliza.

Jifunze sura ya wakati huo. Tazama chini kidogo, kama mtu anayepiga hesabu na kuridhika. Usipumue kwa nguvu.

"Inapita?"

Ikapita. Bibi Mpapai siku ile hakuwepo. Wajumbe waliokuwepo wote walinyoosha mikono, na wangu ulitangulia, kwa sababu mkono unaotangulia huonekana una imani zaidi.

Nikaenda kuosha mikono. Mjumbe wa kwanza akanifuata bombani. "Ndugu yangu, hizi hela si nyingi?" Nikamwambia ndiyo hivyo, kamati imeamua. Wa pili aliniambia tukisubiri bodaboda. Wa tatu alinipigia usiku, kwa sauti ya chini, mkewe asisikie. Asubuhi mkewe, ambaye naye ni mjumbe, akanipigia kwa sauti ya chini, mumewe asisikie. Kabla ya Jumanne iliyofuata walikuwa tisa. Wa kumi alikuwa bwana harusi mwenyewe. Alinikuta kwenye duka la vocha, akaniambia yeye na mchumba wake walikuwa wanataka misa, halafu chakula cha mchana na ndugu. "Lakini kamati imeshajipanga, mjomba. Nitawavunjaje moyo?"

Wa kumi na moja ni mimi. Nina watoto wawili shule na gari linalowaka kwa kusukumwa.

Sasa piga hesabu mwenyewe: hiyo jamii iliyotaka keki ya ghorofa saba ilikuwa na watu wangapi? Tulikwenda kwa wenye chongo, tukafumba. Kumbe kijijini hapakuwa na chongo hata mmoja. Kila mtu alikuwa amefumba jicho lake zima kwa heshima ya wenzake, na kila mmoja alikuwa akimhurumia jirani yake kimoyomoyo kwa ulemavu ule.

Ujuzi huu ni wa hatari, uufiche. Usije ukausema kikaoni.

Bibi Mpapai aliusema. Jumanne iliyofuata alikuja na fimbo yake, akaomba soda isiyo baridi, akasikiliza bajeti kuanzia ukumbi hadi sare. Halafu akauliza, kwa upole kabisa:

"Wanangu, hao watu mia nne kwao hawapiki?"

Rafiki, nilikuwepo. Niliona macho kumi na moja yanataka kufunguka. Mweka hazina aliitazama kalkuleta kana kwamba ndiyo iliyosema. Bwana harusi aliinuka nusu. Kwa muda wa kumeza mate mara moja, milioni arobaini na mbili zilining'inia kwenye uzi.

"Bibi katuchekesha!" mwenyekiti akapaza sauti. "Haya, tuendelee."

Tukacheka. Tulicheka kwa shukrani, kama watu waliovushwa mto. Bibi Mpapai hakucheka. Alimalizia soda yake.

Beba somo hili popote uendapo: anayesema kweli kikaoni usimpinge. Ukimpinga, watu watapima hoja. Mcheke kwa upendo, mwite bibi, mwongezee soda. Hakuna polisi wala sheria iliyowahi kuwarudisha watu kwenye mstari haraka kama kicheko cha wajumbe kumi na mmoja.

Hatua ya 6: Fagia palipofagiwa

Wakati mwingine maadili hushuka kutoka juu, na yakishuka usichelewe kuyapokea. Mwaka 2015 Rais John Magufuli aliingia madarakani na kaulimbiu ya Hapa Kazi Tu, akafuta sherehe za Uhuru za Desemba 9 na kuagiza siku hiyo iwe ya usafi. Yeye mwenyewe alionekana akiokota taka kwa mikono karibu na soko la samaki la Feri.

Ofisini kwetu tulikuwa tayari kuanzia alfajiri. Mafagio mapya ishirini, mengine bado yana karatasi ya dukani. Fulana zilizochapwa maneno. Mpiga picha. Kasoro ilikuwa moja tu: dada wa usafi alikuwa ameingia kazini saa kumi na moja kama siku zote, na uwanja ulikuwa unang'aa. Tukafagia palepale. Tulifagia kwa bidii kuelekea kushoto, mpiga picha akahama, tukafagia kuelekea kulia. Mkuu wetu aliomba apigwe picha na toroli. Toroli lilikuwa tupu, likatafutiwa majani ya mwembe, ambayo yalichumwa mtini.

Dada wa usafi alikaa kwenye ngazi akitusubiri. Tulipomaliza tulikula karanga na kunywa maji, tukaondoka. Nilipogeuka nyuma alikuwa anafagia maganda ya karanga na majani ya mwembe. Kwenye picha hayumo.

Usinielewe vibaya. Taka za Feri zilikuwa taka za kweli. Lakini agizo likishuka ngazi kumi, linalofika chini ni picha yake. Wewe uwe ndani ya picha. Simama karibu na mkuu, pembeni kidogo, fagio kifuani.

Hatua ya 7: Lea watoto kwa jicho la jirani

Kumfundisha mtoto kwa nini uongo ni mbaya kunachukua miaka, na pengine ataomba mfano. Tumia njia ya mkato yenye maneno matatu: "Watu watasema nini?" Inafaa kwa wizi, kwa uvivu wa kuosha vyombo, kwa kusuka rasta na kwa kuchagua mchumba. Ni dawa moja ya magonjwa yote.

Mtoto aliyelelewa hivyo hatajifunza kutoiba, atajifunza kuangalia dirishani kwanza. Lakini kwa nje wawili hao wanafanana kabisa, na sisi tuko kwa nje.

Tahadhari moja. Binti yangu alipokuwa na miaka saba aliniuliza, "Watu gani, baba?" Nikaanza kuwataja: mama wa nyumba ya pembeni, mzee wa duka, wajumbe wa jumuiya. Akauliza, "Na wao wanamwogopa nani?" Swali kama hilo likitokea, jibu lake ni "Kula chakula chako." Nilijibu hivyo. Alikula, ila alinitazama muda wote.

Hatua ya 8: Andaa wasifu mapema

Mtihani wa mwisho utafanyika chini ya turubai. Wewe hutakuwepo, kwa maana ya kuwepo, lakini matokeo yatasomwa kwa kipaza sauti. Kwa hiyo jiandae.

Nina faili kwenye kompyuta linaitwa WASIFU. Niliuandika kwa ajili ya baba, na tangu hapo umezika watu kumi na wanne. Unasema hivi: marehemu alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mpenda maendeleo, mshauri wa vijana, aliyeshirikiana na jamii kwa shida na raha, ameacha pengo lisilozibika. Unabadilisha jina, tarehe na idadi ya wajukuu. Umemfaa mhasibu, dereva, na bwana mmoja ambaye mtaa mzima ulikuwa unamdai. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Bibi Mpapai alipofariki nilipewa kazi hiyo kwa heshima ya ujirani wa zamani. Nilibadilisha jina, tarehe, wajukuu kumi na saba. Nikachapa. Baada ya misa nilisimama mbele ya jeneza, nikasafisha koo, nikaanza.

"Marehemu alikuwa mtu wa watu..."

Kwanza nilidhani ni mtu anayelia. Ilitoka upande wa akina mama, kwenye mikeka, kama mtu anayekohoa kwenye kitenge. Halafu mwingine. Halafu likapasuka. Walicheka, rafiki yangu. Msibani. Kicheko kilivuka kutoka mikekani hadi kwenye viti vya wazee. Padri akainamisha uso kwenye kitabu chake na mabega yakawa yanamtikisika. Mtoto wa marehemu, mtu mzima wa miaka sitini, alikuwa anafuta machozi ya aina mbili.

Mama mmoja akasimama bila kuitwa. Akasema marehemu aliwahi kumrudishia mchango wa harusi akamwambia kwanza akamlipie mwanawe ada. Mwingine akasema alikuwa mtu pekee aliyekuja kwake mwaka aliosemwa na mtaa mzima. Alikuja mchana, kwa mlango wa mbele. Mzee mmoja akasimama kwa taabu. "Sabuni," akasema, akashindwa kuendelea kwa kicheko, na wote waliokuwa na umri wake wakamalizia pamoja: "Mbona mtoto ananukia?" Wakageuka kunitazama mimi.

Bwana harusi wa keki ya ghorofa saba alikuwa mstari wa mbele. Bado analipa mkopo wa ule ukumbi. Hakucheka sana.

Niliikunja karatasi yangu, nikaitia mfukoni. Zilikuwa zimebaki aya tatu, na hakuna aliyeziulizia.

Usiruhusu kisa hiki kikuyumbishe. Mbinu ni nzuri. Kosa lilikuwa langu, nilimvika Bibi Mpapai nguo ambayo haikushonwa kwa vipimo vyake. Ilishonwa kwa vipimo vya watu kama mimi na wewe, na sisi itatukaa bila kupunguzwa popote.

Usiku ule nilirudi nyumbani na kukaa sebuleni na binti yangu, ambaye sasa ni mtu mzima na ana kazi yake. Nikamwambia, kama utani, kwamba siku yangu ikifika yeye ndiye atakayeandika.

"Si umeshaandika, baba?" akasema, macho kwenye simu. "Nabadilisha jina tu."

Nimemwonyesha faili lilipo. Nimemwomba alisome jina mara mbili kabla ya kuchapa.